Siha na Malezi: Kikao cha Mtoto Mbele ya Kinanda



Watoto wetu wengi hapa Uingereza hufunzwa kinanda shuleni, na baadhi yao hurudi nyumbani na ombi la kununuliwa chao. Juu ya muziki wanavyuoni wana kauli zao, na kila nyumba ina msimamo wake. Safu hii haikukusudia kuamua katika hilo. Makusudio yetu ni mwili wa mtoto ambaye wazazi wake wamekwisha kumruhusu. Mwili ni amana, na amana hiyo niliipuuza mimi mwenyewe nyumbani kwangu.

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja tulipomnunulia kinanda cha umeme kilichokwisha kutumika. Fleti yetu ni ndogo, na kinanda hakikuwa na miguu. Tukakiweka juu ya meza ya kupigia pasi, naye akawa anakaa ukingoni mwa kitanda. Kitanda kilikuwa chini na meza ilikuwa juu. Basi mtoto akapiga kwa mabega yaliyopanda hadi masikioni na vifundo vya mikono vilivyopinda. Nami nilikuwa nikimpitia na kikapu cha nguo, nikifurahi kwamba hayuko mbele ya televisheni.

Baada ya miezi mitatu nikamwona anashika kalamu kwa taabu. Nilipomwuliza, akakana. Nilipomwuliza mara ya pili akalia, akasema mkono humwuma na vidole humfa ganzi usiku.

“Mbona hukuniambia, mwanangu?”

“Nilichelea, mama, kwamba utakiuza.”

Maneno yale yalinichoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Ningekiuza.

Daktari alimpumzisha mkono kwa wiki kadhaa, kisha akatupeleka kwa mtaalamu wa viungo. Huyo alitufahamisha jambo ambalo kila mzazi afaa alijue. Misuli mingi inayokunja vidole haimo vidoleni, bali imo katika mkono baina ya kisugudi na kifundo. Kano zake hupita katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono, pamoja na mshipa wa fahamu. Kifundo kikipinda na kubaki hivyo kwa muda mrefu, njia hiyo hubanwa, na mshipa ule ukibanwa vidole hufa ganzi. Kwa hiyo kosa halikuwa la kinanda. Lilikuwa la kikao.

Mambo tuliyoelekezwa ni haya:

Kwanza, kimo cha kiti. Mtoto akiweka vidole juu ya vibao vya kinanda, kisugudi chake kiwe sawa na vibao hivyo au juu yake kidogo. Kiti kikiwa kifupi, kiinuliwe kwa blanketi lililokunjwa au ubao imara. Mto laini haufai, maana hudidimia upande mmoja.

Pili, miguu. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Mtoto ambaye miguu yake inaning’inia awekewe sanduku au kibao chini yake, kwani asiyekanyaga hujizuia kwa mgongo.

Tatu, umbali. Akalie nusu ya mbele ya kiti. Akinyoosha mikono na kukunja ngumi, ngumi ziguse ubao ulio nyuma ya vibao vya kubonyeza.

Nne, mgongo na mabega. Uti wa mgongo unyooke bila kukakamaa, na mabega yateremke. Karatasi za muziki ziwe mkabala wa macho, ili shingo isiinamishwe.

Tano, mikono. Mwambie aweke kiganja juu ya goti lake, kisha ainue mkono vivyo hivyo hadi kwenye kinanda. Umbo lile la vidole vilivyojikunja kidogo ndilo litakiwalo, na kifundo kisishuke wala kupanda.

Sita, muda. Baada ya dakika ishirini hivi, asimame na kujinyoosha. Maumivu si alama ya bidii. Yakitokea, aache, yakirejea, apelekwe kwa daktari.

Wala maradhi ya mikono hayawapati wanafunzi peke yao. Mmarekani Leon Fleisher, mpigaji piano mashuhuri, alipokuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwaka 1964, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja bila ya hiari yake. Akafundisha na kupiga kwa mkono wa kushoto kwa takriban miaka thelathini kabla ya kurejea kupiga kwa mikono miwili. Hatusemi kwamba sababu yake ilikuwa kikao. Twasema kwamba hata bingwa hana mkono wa akiba.

Binti yangu, kama ilivyo desturi ya watoto, alipata hoja. Alisoma kwamba Glenn Gould wa Canada alikalia kiti kifupi mno, chenye kimo cha sentimita 35 hivi, na sifa zake zikaenea duniani. Nikamjibu kwamba kiti kile kilikuwa cha kukunjwa, na baba yake Gould ndiye aliyemkatia miguu ili kimfae mwanawe. Basi la kuiga hapo si ufupi wa kiti, bali ni kukipima kiti kwa mwili wa mwenyewe. Jumamosi ile baba yake akachukua msumeno, akakata miguu ya meza yetu kuukuu ya jikoni, akipima baada ya kila mkato huku mtoto amekaa mbele yake.

Leo anapiga bila ya maumivu, na meza ya pasi imerudi katika kazi yake. Lakini lililonifunza zaidi si kimo cha meza. Ni kwamba mtoto wangu alivumilia maumivu usiku kwa kuogopa hukumu yangu. Wazazi wenzangu, udongo uwahi ungali maji: jioni hii mtazameni mtoto akiwa amekaa, kwenye kinanda au kwenye meza ya kuandikia, kisha mwulizeni kama kuna pahala panapomwuma. Na kabla hajajibu, mwambieni kwamba hamtauza kitu.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah.