MLIMA HANANG: MWENDO WA POLE UNATAKA MPANGO

Katika siku hizi ambapo wananchi wanahimizwa kuijua nchi yao kwa kuitembelea, tumeona vyema tuzungumzie safari ya miguu milimani, ya siku kadhaa, ambayo mtu huenda bila pupa na kulala njiani. Macho ya wengi huelekea Kilimanjaro. Sisi leo tunauelekeza uso wetu Mkoa wa Manyara, kwenye Mlima Hanang, wenye kimo cha meta zipatazo 3,420, uliosimama peke yake juu ya mji wa Katesh.

Kwa mtu wa Visiwani, ambako kilima cha Masingini hakifiki hata meta 150, safari hiyo si lelemama. Usiku huko juu una baridi kali, hewa ni nyepesi, na maji ya kunywa hayana uhakika. Hata hivyo wapo wanaopanda na kushuka kwa siku moja, wakiondoka kabla ya alfajiri na kurejea magoti yakitetemeka. Hao kilele wamekifikia, lakini mlima hawakuuona.

Rai yetu ni kwamba safari hii ipewe siku tano au sita. Msafiri apite Babati, apande ukuta wa Bonde la Ufa pale Dareda hadi Dongobesh na Mbulu, alale siku mbili katika nchi ya Wairaqw, atembee vilima vyake na kuuzoesha mwili baridi. Kisha aende Katesh, apumzike usiku mmoja, na kesho yake apande taratibu kupitia msituni, alale mlimani katika hema. Asubuhi inayofuata afike kileleni, ashuke mchana, na ukingali mwangaza awe amerejea Katesh. Akibakiwa na siku, alitazame Ziwa Basotu kabla ya kurudi. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Lakini mwendo wa pole usiokuwa na mpango ni uzururaji, na katika mlima huu uzururaji una hatari. Hatujasahau asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, pale tope, mawe na magogo yalipoporomoka kutoka Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, vikiwamo Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka. Kwa hiyo anayepanga safari na aanze na kalenda kabla ya viatu. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya ukavu. Msimu wa mvua, aghalabu, ni wa kuutazama mlima huo kwa mbali.

Hapa tunawageukia viongozi. Msitu wa Hanang ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hatuna shaka kwamba kibali ni cha lazima, na ndivyo inavyopasa. Lakini kibali peke yake hakimwongozi mtu. Msafiri anatakiwa ajulishwe kabla hajatoka nyumbani ni njia ipi iko salama, maji yako wapi, na hema ruhusa kupigwa mahali gani. Habari hizo zibandikwe Katesh na Babati, na zitangazwe magazetini na redioni kabla ya kila msimu.

Fauka ya hayo, mipango hii ifanywe pamoja na wenyeji. Watu wa Hanang wanayo kumbukumbu ya mipango iliyopangwa bila wao. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma, kwa msaada wa Kanada, yalichukua makumi ya maelfu ya ekari za malisho ya Wabarbaig. Wazee walilalamika kwamba hata makaburi ya wahenga wao yalipitiwa na matrekta, na mgogoro wa ardhi ya Mulbadaw ukafikishwa hadi mahakamani. Nia ilikuwa kulisha taifa, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini nia njema haikumrudishia mfugaji malisho yake.

Utalii usirudie kosa hilo. Ni wazee wa vijiji wanaojua ni wapi mgeni apite na ni wapi asikanyage. Vijana waliokulia chini ya mlima, na wengine wao walizika ndugu mwaka 2023, ndio wanaostahili kuwa waongozaji na wapagazi. Mgeni wa siku moja huwaachia vumbi la gari lake. Mgeni wa siku tano hula, hulala, hununua, na huuliza habari. Alhasili, faida ya mwendo wa pole haimwishii msafiri.

Tunawasihi ndugu zetu wa Visiwani wenye likizo na uwezo waifikirie safari hii. Na tunawasihi viongozi waitengeneze njia kabla ya kuwaita wageni.