Bibi akianza kusahau, msiseme ni uzee tu

Huanza kidogo kidogo. Bibi anauliza wajukuu watarudi shule saa ngapi, anajibiwa, na baada ya dakika tano anauliza tena. Anabandika maharage na kuyasahau mpaka yanaungua. Nyumbani wanacheka: "Bibi amezeeka." Siku anapopotea akitoka sokoni, njia aliyoipita miaka yote, hakuna anayecheka tena.

Huenda huo ni ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu seli za ubongo polepole. Umepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mzee kusahau jina la mtu kisha kulikumbuka jioni ni kawaida. Kutomtambua mtoto aliyemzaa si kawaida.

Familia inapokosa jina la ugonjwa, majirani hutoa jina lao. Mzee anayeongea peke yake husemwa amerogwa. Anayekutwa usiku uani kwa watu, asijue amefikaje, huitwa mchawi. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, neno hilo ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Majirani waelezwe mapema kwamba bibi anaumwa.

Anayeumia pamoja naye ni mlezi, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe. Anafunga genge lake, halali usiku, anatukanwa na mama yuleyule anayemwogesha. Ndugu walio mbali hutuma fedha na kuuliza kwa simu, "Mama anaendeleaje?" Fedha ni msaada, lakini hazimpi mlezi usingizi. Anahitaji mtu wa kuja kukaa na mama, hata wikiendi moja kwa mwezi, ili naye apumzike.

Hatua ya kwanza ni hospitali. Sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa vinaweza kumsahaulisha mtu, na hayo hutibika. Alzheimer haijapata tiba ya kuiponya, ila zipo dawa za kupunguza makali ya dalili kwa muda.

Nyumbani, ratiba isibadilikebadilike. Dawa, viberiti na mafuta ya taa vifichwe. Mgonjwa asibishiwe. Akimuulizia mumewe aliyefariki, kumwambia kila mara kwamba amekufa ni kumfiwisha upya kila siku. Aulizwe, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" Mara nyingi atasimulia, na atatulia.

Kwa walio na umri wa kati, kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kuacha sigara na kutibu masikio yasiyosikia vizuri hupunguza uwezekano wa kuugua.

Kikao cha ukoo kinachoitishwa kupanga mazishi kinaweza kuitishwa mapema, mama akiwa hai, kupanga zamu za kumtunza.