Dereva mpya afundishwe kufunga mzigo

Dereva mpya wa lori la tela la wazi, lisilo na kuta wala paa, ana kazi mbili: kuendesha gari na kulinda mzigo. Leseni ya daraja E humruhusu kuendesha, lakini haimfundishi kufunga nondo. Ujuzi huo wengi huupata wakiwa utingo, kwa kutazama tu.

Nondo hulazwa juu ya magogo, hufungwa kwa minyororo na kukazwa upya baada ya mwendo mfupi, kwa sababu mtikisiko huilegeza. Saruji huhitaji mikanda na turubai. Mzigo ukirundikwa sehemu moja, ekseli hulemewa hata kama gari zima halijavuka kikomo cha tani 56 cha sheria ya Afrika Mashariki ya 2016. Mizani ya TANROADS, wakala wa barabara, hupima uzito wa ekseli na wa gari zima.

Kijana mmoja wa Hombolo alikabidhiwa lori la nondo bila mtu wa kumwelekeza. Kwenye barabara ya Ihumwa alifunga breki ghafla kuwakwepa mbuzi, na nondo zikateleza hadi kugonga kichwa cha lori. Alipona, lakini tajiri akamkata mshahara. Hiyo ni dhuluma: aliyemtuma ndiye aliyemnyima mafunzo.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, wanaombwa kulifanya somo la kufunga mzigo kuwa la lazima, kwa vitendo. Wamiliki wa malori nao wajibu kupitia safu hii: nani humfundisha dereva wao mpya?

Msomaji,
Hombolo, Dodoma