Anachezesha akili au anachezewa akili?

Wadau, siku hizi hapa Ndandalo simu ya mama ikishafika nyumbani haina tena mwenyewe. Mtoto kaidaka, anapanga pipi tatu tatu kwenye Candy Crush, na ukiuliza unajibiwa: "Mwache, si anachezesha akili?" Hoja hiyo nimeisikia hata kwa wasomi wenzetu wa mjini, eti gemu ya mafumbo ni ndugu wa hesabu. Mimi nakataa, ila nusu tu.

Nianze na nusu ninayoikubali. Zipo gemu zinazofikirisha kweli. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, inakutaka ukigeuze kipande kichwani kabla ya kukigeuza kwa kidole. Ukikosea, kosa linabaki pale pale mbele yako. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa wasichana 26: waliocheza Tetris kwa miezi mitatu walionekana kuongezeka unene katika baadhi ya sehemu za ubongo. Ila kabla hujashangilia, fahamu kwamba fedha za utafiti huo zilitoka kwa kampuni yenye maslahi na Tetris yenyewe. Halafu unene wa ubongo si maksi za darasani!

Sasa tuje kwenye pipi. Candy Crush ilitoka mwaka 2012. Kuipakua ni bure, na mtego uko hapo hapo. Unapewa nafasi tano. Ukizimaliza, unasubiri nusu saa ili nafasi moja irudi, au unalipia. Tena pipi zinazodondoka kutoka juu hazipangwi na mtoto, kwa hiyo mara nyingine anashinda kwa bahati tu, hata hajui amefanya nini. Na biashara hii si ndogo jamani: mwaka 2016 kampuni ya King iliyoitengeneza ilinunuliwa kwa dola bilioni 5.9. Hela hizo zinatafutwa kwa wachezaji.

Linganisha na bao, linalochezwa pande zote za Ziwa Nyasa. Mashimo 32, kete 64, hakuna bahati nasibu. Mtoto akifungwa anaweza kurudi nyuma kichwani aone alipokosea, na mzee aliyemfunga yupo hapo hapo kumweleza, pengine na kejeli kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kumwachia mdogo wako au mwanao simu, jiulize mambo matatu. Gemu inachezeka bila bando? Inaomba hela? Na mtoto akishindwa, anaweza kukueleza kwa nini? Ikifaulu yote, mpe nusu saa akishamaliza daftari. Ikifeli, ifute leo, maana simu hiyo hiyo ndiyo inayotunza hela ya kokoa na ya ada.

Anayechezesha akili na anayechezewa akili wote wameinamia kioo kile kile. Ukipita mlangoni hutawatofautisha. Kaa naye ucheze.

Naomba kuwasilisha.