Gari la umeme: nani aamue litambae au litulie?

Mnamo Mei 2023, idara ya serikali ya Uchina inayosimamia masoko ilitangaza kwamba magari ya umeme ya Tesla yapatayo milioni 1.1 yalikuwa na kasoro iliyopasa kurekebishwa. Mtu angedhani kwamba magurudumu yalikuwa yaking'oka au betri zikishika moto. La hasha! Kasoro mojawapo iliyotajwa ni kwamba dereva hakupewa nafasi ya kuchagua jinsi gari lake litakavyopunguza mwendo pindi auondoapo mguu kwenye kanyagio la mafuta. Hapakuwa na haja ya kuyapeleka magari hayo gereji. Programu mpya ilitumwa kwa njia ya mawasiliano ya hewani, na gari lililolala na tabia moja likaamka na nyingine.

Nimelitafakari tukio hilo mara kwa mara, kwa kuwa si kawaida ya serikali kuingilia jambo ambalo kwa juujuu laonekana kuwa la ladha tu, mithili ya mtu kupenda chai yenye tangawizi au isiyo nayo. Hata hivyo, nadhani Wachina waliona jambo ambalo sisi pia hatuna budi kuliona mapema, kabla magari haya hayajajaa katika barabara zetu.

Msomaji aliyewahi kuendesha gari la otomatiki anaijua tabia ninayoizungumzia hata kama hajawahi kuipa jina. Utiapo gia ya kwenda mbele kisha ukauondoa mguu kwenye breki, gari huanza kujisogeza lenyewe, polepole, bila ya wewe kukanyaga chochote kingine. Katika uwanja tambarare mwendo huo ni wa kilomita chache tu kwa saa, takriban mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Mimi nitauita kutambaa. Ndio utusaidiao katika msongamano wa magari, na ndio tuutegemeao tunapoingia kwa hadhari katika nafasi finyu ya kuegesha, au tunapoelekezwa na mabaharia kuingia kwenye feri pale Likoni, bampa likikaribia bampa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kutambaa huku hakukubuniwa na mtu yeyote. Kulijizalia. Injini ya petroli ni lazima iendelee kuzunguka hata gari likiwa limesimama, la sivyo itazimika. Katika gari la gia za mkono, klachi ndiyo huitenga injini na magurudumu. Katika otomatiki ya kawaida hakuna klachi ya kukanyagwa. Mahali pake pana chombo kilichojaa oili, ambamo pangaboi moja huisukuma oili hiyo, nayo ikalisukuma pangaboi la pili. Mjerumani Hermann Föttinger alikibuni chombo cha namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya meli, na kampuni ya General Motors ikaitia kanuni yake katika magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940. Sasa, kwa kuwa oili haiachi kuzunguka, daima kuna nguvu kidogo inayovuja hadi kwenye magurudumu. Uvujaji huo ndio kutambaa. Lilikuwa pungufu la mtambo, madereva wakalizoea, watoto wao wakafunzwa nalo, na leo tunalihesabu kuwa haki yetu.

Mota ya umeme haina pungufu hilo. Gari likisimama, mota nayo husimama kabisa. Haingurumi wala haingoji. Ukiondoa mguu kwenye breki katika uwanja tambarare, gari hukaa pale pale lilipo hadi uliamrishe. Ikiwa gari la umeme linatambaa, basi ni kwa sababu mhandisi fulani ameketi akaandika katika programu kwamba mota ijifanye injini ya petroli na kusukuma kidogo. Ni maigizo. (Wala si maigizo ya pekee. Sisi wenyewe bado twasema dereva "amekanyaga mafuta" katika gari lisilo na hata tone la petroli, na sidhani kama lugha itajisumbua kubadilika.)

Kampuni za magari zimeyumbayumba sana katika suala hili. Tesla walipolitoa gari lao aina ya Model S mwaka wa 2012, halikutambaa. Haukupita muda mrefu kabla ya wenye magari kupewa uwezo wa kuwasha maigizo hayo kwenye skrini. Mwaka wa 2019 mipangilio ikawa mitatu: gari litambae, au liserereke kama liliyewekwa gia huru, au lipunguze mwendo lenyewe hadi lisimame na kujishikilia kwa breki, hata mlimani. Baadaye katika baadhi ya magari mapya uchaguzi huo uliondolewa, dereva akabakishiwa mpangilio wa kusimama tu. Huo ndio mkondo ulioishia kwenye tangazo la Uchina.

Wanaotetea uhuru wa dereva husema kwamba kila mtu aachiwe apende apendacho. Ni hoja yenye mvuto, lakini ningependa kuuliza: hayo mapendeleo yametoka wapi? Katika nchi za Marekani na Japani, ambako otomatiki zimetawala kwa miongo mingi, dereva huliona gari lisilotambaa kuwa zito, kana kwamba limekataa kwenda. Uingereza, ambako vizazi vingi vilijifunza kwa gia za mkono, dereva hazishangai gari tulivu, maana gari lake la zamani halikusogea mpaka alipoinua klachi. Walimu wa lugha wanaelewa jambo hili kuliko wahandisi. Mwanafunzi hujifunza Kiingereza huku akikibebesha miundo ya lugha ya nyumbani, na hufanya hivyo bila kukusudia. Mguu nao una lugha yake ya kwanza. Dereva anapotuambia anapenda gari litambae, mara nyingi anatuambia tu ni gari gani lililomfunza.

Je, hii ina maana kwamba hakuna lililo bora? Hapa nitatofautiana na wale wasemao yote ni mazoea. Kuna swali moja lisilotegemea mazoea, nalo ni hili: mguu uko juu ya kanyagio lipi wakati gari liko karibu na watu na kuta?

Gari litambaalo huendeshwa kwa breki katika nafasi finyu. Dereva huulegeza mguu kidogo likasogea, akaukaza likasimama. Ikitokea mtoto amechomoza ghafla, mguu uko tayari mahali pake, na ile hofu yenyewe itakayoukaza itasimamisha gari. Gari lisilotambaa huendeshwa kwa kanyagio la mafuta katika nafasi iyo hiyo. Mguu ukikazwa kwa hofu, gari litaruka mbele, na mota ya umeme, tofauti na injini ya petroli, hutoa nguvu zake kubwa tangu sekunde ya kwanza. Japani wameumia kwa makosa ya kukanyaga lisilopaswa kukanyagwa. Aprili 2019, mtaani Ikebukuro jijini Tokyo, dereva mwenye umri wa miaka 87 aliwagonga watu waliokuwa wakivuka, mama na bintiye wakafariki, na mahakama ikaamua kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Gari lake halikuwa la umeme mtupu, wala sidai kwamba mipangilio hii ndiyo iliyomponza. Lakini nchi hiyo imeamuru kwamba kuanzia Septemba 2028 magari mapya ya otomatiki yawe na kifaa cha kuzuia makosa ya aina hiyo. Yaani, kuchanganya makanyagio ni udhaifu wa kibinadamu unaotungiwa sheria.

Upande wa pili nao una lake la kusema. Gari tulivu humpumzisha dereva katika msongamano wa saa mbili, kwa kuwa hana haja ya kukaza breki muda wote. Pia gari litambaalo hulimwadhibu dereva aliyesinzia au aliyeinama kuokota simu. Mguu ukilegea kidogo, tayari amembusu wa mbele yake. Tena, gari la umeme likitambaa, hutambaa kimya. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinalazimisha magari mapya ya namna hii yatoe sauti yanapokwenda polepole, lakini sauti hiyo si ngurumo tuliyoizoea, na katika uwanja wa shule uliojaa watoto wakati wa kwenda nyumbani ningependa kila gari lililosimama libaki limesimama.

Nikipima yote mawili, naegemea upande wa kutambaa wakati wa kuegesha, kwa sababu ya ule mguu ulio juu ya breki. Yaonekana Nissan nao walirudi huko huko. Mwaka wa 2017 walitoa Leaf ya kizazi cha pili yenye mpangilio wa kanyagio moja uliolisimamisha gari kabisa na kulishikilia, wakaunadi kwa fahari. Kisha katika Note mpya ya mwaka wa 2020, na baadaye katika Ariya, wakauondoa ule usimamaji: gari hupunguza mwendo, halafu likatambaa, na dereva ndiye amalizie kwa breki. Nao BMW katika i4 wamegawa mambo mawili kwa gia mbili: ya kawaida hutambaa, ya pili husimamisha. Uchina, kwa upande wake, iliandaa kiwango kipya cha breki za magari madogo, kikiwekewa tarehe ya kuanza Januari 2026, kinachotaka gari lisisimame kabisa kwa kuondoa mguu tu kwenye mafuta, isipokuwa dereva mwenyewe awe ameuchagua mpangilio huo.

Sasa niirejee nyumbani. Kenya haiundi sera ya Nissan wala ya Tesla. Sisi hupokea. Magari mengi ya kibinafsi hutufikia kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, kwa sharti kwamba hayajapitisha umri wa miaka 8, na Leaf za kizazi cha pili sasa zimo ndani ya kikomo hicho. Leaf si ngeni jijini Nairobi. Huduma ya teksi ya Nopea Ride ilizitumia kuanzia mwaka wa 2018 hadi ilipofungwa mwaka wa 2022. Basi mtazame mnunuzi wa leo. Gari analonunua lina swichi moja ndogo karibu na gia. Ikiwa imezimwa, gari hutambaa kama Vitz yake ya zamani. Ikiwa imewashwa, gari husimama lenyewe. Maelezo kwenye skrini yameandikwa kwa Kijapani. Aliyeuza hajui, aliyenunua hakuuliza. Tukimwambia mtu huyo kwamba amepewa uhuru wa kuchagua, tunamdhihaki.

Isitoshe, gari la Mkenya ni nadra kuwa la mtu mmoja. Asubuhi anaendesha mke, jioni mume, Jumamosi mpwa aliyepata leseni juzi, na siku ya harusi anaazimwa jirani. Katika kampuni, madereva wanne hupokezana ufunguo mmoja. Nimeketi kando ya dereva wa teksi aliyelizoea gari lake tulivu, naye akanieleza kwamba siku akabidhiwapo gari la mwenzake hutumia nusu saa ya kwanza akiwa na wasiwasi asioweza kuueleza. Alichokuwa nacho ni lahaja mbili katika mguu mmoja. Uhuru wa mmoja kubadilisha mpangilio ni mtego kwa mwenzake ajaye, kwa sababu badiliko hilo halionekani kwa macho. Gia huonekana ilipo. Breki ya mkono huonekana imeinuliwa. Tabia ya programu haionekani mpaka gari lisogee, au lisisogee.

Ndiyo maana sioni faida ya kubishana tu ni mpangilio upi ulio bora. Dereva aachiwe uchaguzi, lakini gari linapowashwa liwe na tabia moja inayojulikana, na alama iwepo kwenye dashibodi, kubwa na ya kueleweka bila kusoma Kijapani, kuonyesha kama gari litatambaa au litatulia. Waagizaji wa magari wanaobadilisha redio na kuweka ramani za Kenya hawashindwi kubandika alama hiyo.

Halafu kuna shule za udereva. Halmashauri ya NTSA hutenganisha leseni ya gari dogo la otomatiki, daraja la B1, na ile ya gia za mkono, daraja la B2. Kumbe ilikwisha kukubalika kwamba miguu miwili iliyofunzwa tofauti si sawa. Gari la umeme halina klachi, hivyo mwenye B1 huliendea akiamini kwamba analijua. Somo lenyewe halihitaji hata saa nzima. Uwanja mtupu watosha, na gari moja lenye swichi hiyo. Mwanafunzi auondoe mguu kwenye breki, aangalie gari linafanya nini, ahesabu hadi tano. Kisha mwalimu abonyeze swichi, na mwanafunzi arudie, safari hii akiwa anaingia kinyumenyume baina ya vijiti viwili.