Hakuna Anayetuambia Tuvue Viatu

Mwezi wa saba ukifika, nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zina sauti moja ya usiku: kisigino kinachokwaruza shuka. Mtu akijigeuza, magaga yanavuta nyuzi za blanketi na mwenzake anaamka. Baridi yetu ni kavu, upepo wake unakausha ngozi, na wengi wetu tunashinda na kandambili kwa sababu ndizo tulizonazo. Kisigino kinakuwa kigumu, kisha kinapasuka mpaka kwenye nyama. Asubuhi yake kuna ndoo ya viazi ya kufikisha soko la Mwanjelwa kabla jua halijapanda, au kuna kile kilima cha kutoka Ipogolo kwenda mjini. Tunakipanda kwa ncha za vidole, kama watu wanaonyata.

Tunalo lalamiko, na tumelibeba miaka mingi bila kulisema kwa sauti. Ukienda duka la dawa, au hata zahanati, ukasema una shida ya miguu, tyubu inawekwa mezani kabla hujamaliza maelezo. Hakuna anayekuambia uvue viatu. Mwenye magaga, mwenye fangasi kati ya vidole, mwenye ukucha uliozama kwenye nyama na mwenye kisukari asiyehisi kidole chake, wote wanne wanatoka na tyubu ileile.

Tyubu hiyo tunaijua sasa. Ndani yake kuna dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi. Steroidi inazima muwasho upesi, siku ya tatu tunashukuru Mungu na kuiweka juu ya kabati. Wiki chache baadaye muwasho unarudi, umeshuka mpaka kwenye unyayo, na safari hii umebadilika sura, kingo zake zimefifia hata mtaalamu hautambui kirahisi. Kumbe steroidi imelegeza kinga ya ngozi, na fangasi wamepata shamba lenye rutuba. Tunarudi dukani, tunauziwa ileile. Kwa fangasi wa kawaida wa vidoleni ingetosha klotrimazoli peke yake, au mafuta ya Whitfield, dawa ya zaidi ya miaka mia moja, asidi ya benzoiki asilimia 6 na salisiliki asilimia 3. Lakini dawa hizo zinataka maneno mawili ya kusindikiza: kausha kati ya vidole kabla ya kupaka, na usiache kupaka siku muwasho unapokwisha, endelea wiki mbili mbele. Maneno hayo ni ya bure, na ndiyo hatupewi.

Na hao fangasi wanatoka wapi? Nenda Mbarali msimu wa kupandikiza mpunga uangalie vibarua wakitoka kwenye majaruba jioni. Katikati ya kidole kidogo na jirani yake ngozi imekuwa nyeupe, imelainika kama ugali uliolowekwa, ukiigusa inamenyeka. Tunasema maji yamekula vidole. Nenda kwenye chai, Mufindi au Tukuyu ambako mvua haijui likizo. Mtu anavaa gambuti saa kumi na mbili asubuhi na ndani mna unyevu wa jana. Wapo wanaopokezana jozi moja watu wawili, zamu kwa zamu, na mwajiri anajua. Watoto wetu nao wanakwenda shule na viatu vyeusi vya plastiki na soksi za nailoni, wanalowa njiani, wanakaa navyo mpaka saa tisa. Jozi ya pili ya soksi za pamba mkobani ingesaidia kuliko tyubu tatu. Tungependa mwalimu anayekagua usafi wa kucha za mikono akumbuke siku moja kukagua na za miguu.

Ukucha una habari yake. Fangasi akishaingia ndani ya ukucha, unakuwa wa njano, mnene, unamomonyoka kwa chini kama mbao iliyoliwa na mchwa. Krimu haifiki huko. Dawa ya kumeza ndiyo yenye nguvu, kwa mfano tabinafini miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, na anayekuandikia anapaswa kwanza kuuliza habari za ini lako. Hata fangasi akifa, ukucha mpya wa kidole gumba huchukua mwaka au zaidi kuota wote. Sisi tunaambiwa "meza hivi utapona", mwezi unapita ukucha bado wa njano, tunadhani tumetapeliwa na tunaacha dawa njiani. Tungejua hesabu ya miezi tungevumilia. Watu wa nyanda za juu wanajua kungoja. Parachichi hatulivuni mwaka wa kwanza.

Kuhusu ukucha unaoota kwa ndani, wengi tumeutengeneza wenyewe kwa kukata pembe kwa wembe ili "usichome". Ukatwe kwa kunyooka, pembe ziachwe. Na wale vijana wanaopita sokoni na kikapu cha rangi za kucha, tunawapenda, wanatafuta riziki, lakini kifaa kilekile cha kucha kinatoka kwenye mguu mmoja kwenda mwingine na hakijaona maji ya moto wala spiriti. Kinabeba fangasi. Kikitoa damu kinaweza kubeba na makubwa zaidi, homa ya ini ikiwemo, na utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2016 na 2017 ulikuta Njombe na Iringa zikiongoza kwa maambukizi ya VVU, kila moja juu ya asilimia 11 ya watu wazima. Kila mtu awe na kikatio chake. Mwenye kikapu apewe mafunzo badala ya kufukuzwa na mgambo.

Linalotuuma kuliko yote ni wazee wetu wenye kisukari. Kwenye baridi hii, jioni jiko la mkaa linaingizwa sebuleni na kila mtu ananyoosha miguu. Mzee mmoja wa Mafinga, jirani wa mwenzetu, alinyoosha ya kwake kama wengine. Mishipa ya fahamu ilikuwa imeshakufa ganzi kwa sukari. Aliyegutuka ni mjukuu wake, aliyesikia harufu ya soksi inayoungua. Mzee alikuwa anaendelea na hadithi. Alikuwa ameshahudhuria kliniki miaka minne, kila mwezi anapimwa sukari na kuandikiwa vidonge, na kwa miaka hiyo minne hakuna aliyemgusa unyayo kuuliza kama anahisi. Kidole kilikatwa, kisha vingine viwili.

Hatuwezi kuambiwa kwamba Tanzania haijui mambo haya. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992, na kimefundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walikwishaanzisha miaka ya 2000 mpango wa kufundisha wahudumu kutunza miguu ya wenye kisukari, mpango uliosifiwa na kuigwa nje. Ujuzi upo nchini. Tunaulizia lini utapanda basi kuja huku.

Maana kazi yenyewe si ya mashine kubwa. Mwaka jana, kwenye zahanati moja wilayani Kilolo, alikuja muuguzi mgeni. Bibi mmoja wa kwetu aliingia kwa ajili ya presha. Binti akamsalimia, "Shikamoo bibi. Hebu vua viatu nikuone miguu." Bibi akaona haya, akasema miguu yake ni ya shamba. Binti akachuchumaa, akamvua mwenyewe, akamulika kati ya vidole kwa tochi ya simu, akamgusa nyayo kwa kipande cha pamba huku bibi amefumba macho na kusema "hapo, na hapo". Akaagiza beseni la maji ya uvuguvugu, miguu ikakaa humo dakika kumi na tano, akasugua magaga taratibu kwa jiwe, akafuta, akapaka mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevu, akamvalisha soksi na kumwambia afanye hivyo kila usiku.

Mlango ulikuwa wazi. Sisi tuliokuwa kwenye benchi nje tuliona yote, na kabla jina la pili halijaitwa, tulikuwa tumeshaanza kufungua kamba za viatu.