TAHARIRI: Usifute klipu ya leo, kesho itasakwa

Wakusanyaji wa filamu za zamani husaka sana zile zinazosemekana zimepotea. Sherlock Holmes ya mwaka 1916, filamu ya upelelezi isiyo na sauti, ilikuwa mojawapo. Ilipotea karibu miaka 100. Mwaka 2014, kumbe, nakala ikapatikana katika hifadhi ya Cinémathèque française jijini Paris. Ilirekebishwa, na mwaka uliofuata watu wakaitazama tena ukumbini.

Kwa nini isisimue hivyo? Hadithi za wapelelezi na majambazi ziko tele. Lakini mwigizaji wake, William Gillette, alimwigiza Holmes jukwaani zaidi ya mara 1,000, na hii ndiyo filamu pekee inayomwonyesha katika nafasi hiyo. Bila nakala ile, tungebaki kusimuliwa tu.

Bahati kama hiyo ni nadra. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa karibu asilimia 70 ya filamu ndefu zisizo na sauti za nchi hiyo zimepotea kabisa. Kanda zilishika moto haraka, na nyingine zilitupwa zilipoacha kuingiza pesa.

Kijana wa Leparua, Isiolo, atauliza: hayo yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Miaka ya 1920, Wamarekani Martin na Osa Johnson walipiga kambi Marsabit wakirekodi wanyama, na mwaka 1928 ikatoka filamu yao Simba, nayo ya enzi zisizo na sauti. Leo kumbukumbu zao zinatunzwa katika makumbusho yenye jina lao huko Chanute, Kansas. Waliorekodi ndio waliotunza.

Siku hizi kamera iko mfukoni mwako. Unarekodi harusi, vichekesho, hata mzee akisimulia wizi wa mifugo wa zamani. Kisha memori ikijaa, unafuta. Simu ikiibwa, basi, yote yameenda. Na TikTok si ghala. Akaunti ikifungwa, video zako zinaweza kwenda nayo.

Weka nakala mahali pawili. Andika ni nani, wapi na lini. Nazo kaunti, Isiolo ikiwemo, zitenge nafasi katika maktaba zao kwa kazi za vijana. Mjukuu wa mzee yule asilazimike kubahatisha sauti ya babu yake ilikuwaje.